Uchovu, Uvivu na Maradhi: Historia ya Istilahi Isiyopatikana Bado

Kazi ya kuunda istilahi aghalabu huanza na kitu ambacho lugha haijapata kukiona: mtambo mpya, sheria mpya, dawa mpya. Hapo mwanaistilahi hana ugomvi na mtu. Hutafuta neno, akalipima, akalifikisha mbele ya kamati. Lakini zipo dhana nyingine ambazo jamii imezijua tangu zamani, ikaziita kwa majina yake, na kuwahukumu watu kwa majina hayo hayo. Dhana ya uchovu usiokwisha ni mojawapo. Katika makala hii twakusudia kueleza majina ambayo uchovu huo umepewa na waganga, na mabwana wa kazi, na wagonjwa wenyewe. Na kuonyesha kwa nini mabishano yaliyotokea Uingereza juu ya kuutibu kwa njia ya saikolojia yanamhusu mfasiri aliyeketi Vwawa au Tunduma.

Sababu ya kulizungumza jambo hili sasa ni kwamba tangu janga la korona la mwaka 2020, hati za afya zinazotaja watu waliougua, wakapona homa, lakini wasirudiwe na nguvu zao, zimekuwa nyingi. Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilitoa maelezo rasmi ya hali hiyo. Wataalamu wamekwisha kuona kwamba baadhi ya wagonjwa hao wana dalili zile zile za ugonjwa uliojulikana kabla ya korona, ambao kwa Kiingereza una majina mawili yanayogombana: moja lasema kuwa ubongo na uti wa mgongo umevimba na misuli inauma, na jingine lasema tu kuwa mtu ana uchovu wa muda mrefu. Mfasiri mwenye haraka huchukua jina la pili na kuandika "uchovu sugu". Tafsiri hiyo ni fupi, inaeleweka, na kwa maoni yetu ni mbaya.

Tuanze na mahali penyewe. Tunduma ni mji wa mpakani, karibu kilomita 100 kutoka Mbeya, unaotazamana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam yapita hapo, na kadhalika reli ya TAZARA iliyokabidhiwa kwa serikali mbili mwaka 1976. Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mkoa wa Mbeya mwaka 2016, una Wanyiha, Wanyamwanga, Wandali na wengineo. Kinyamwanga husemwa pande zote mbili za mpaka, na madereva wa malori huja na Kiswahili cha Dar es Salaam na kile cha Lubumbashi. Kiswahili ndicho kiungo kati ya mgonjwa na muuguzi. Mwezi Mei 2020, wakati wagonjwa wa korona walipoonekana kwa wingi Nakonde, Zambia iliufunga mpaka huo kwa siku kadhaa, na malori yakasimama. Basi ugonjwa ule, uliokuja kuitwa rasmi UVIKO-19, haukuwa habari ya mbali.

Lakini Tunduma ni mji wa kazi za mwili. Dereva amelala ndani ya gari siku tatu akingoja karatasi. Mchukuzi amebeba magunia. Mama amevuka mpaka na mzigo kichwani tangu alfajiri. Mkulima wa Mbozi ametoka kuchuma kahawa. Ukimwuliza yeyote kati yao hali yake jioni, atajibu "nimechoka", na jibu hilo ni salamu zaidi kuliko malalamiko. Sasa mtu akija zahanati, miezi sita baada ya homa, akasema neno lile lile, je, aliyeko mezani atajuaje kwamba huyu anasema jambo jingine?

Hapa yafaa tulitazame neno lenyewe. Kitenzi "choka" kimebeba mizigo mingi. Mtu huchoka kwa kazi, huchoka kungoja, humchoka mwenzake. Viatu huchoka, gari huchoka, na katika lugha ya mitaani mtu "aliyechoka" ni fukara. Majirani wa neno hili nao hawana salama. "Ulegevu" ni wa mwili, lakini pia ni wa mtumishi asiyetimiza wajibu wake. "Udhaifu" ni wa misuli, lakini pia ni wa tabia. Na neno "sugu", ambalo asili yake ni ule ugumu wa ngozi unaotokana na kusuguliwa, limekubalika katika tiba kwa maana ya ugonjwa unaokaa. Ila limekubalika vilevile mahakamani na shuleni, ambako tunasoma juu ya mhalifu sugu, mlevi sugu na mtoro sugu. Ukiambatanisha "uchovu" na "sugu", msikilizaji hasikii ugonjwa. Anasikia mtu aliyezoea kuchoka, kana kwamba amekataa kuacha.

Kosa hili si la sauti tu. Lina historia katika nchi hii, na historia hiyo haipendezi.

Mwaka 1869 daktari wa New York, George Beard, alieneza jina "neurasthenia", maana yake ni kupungukiwa nguvu kwa neva. Aliamini kuwa neva zina akiba ya nguvu kama betri, na kwamba maisha ya kisasa ya watu wenye elimu huimaliza. Jina hilo lilipoletwa katika makoloni liliongezewa sifa ya "kitropiki". Afisa wa Kizungu katika Afrika ya Mashariki aliyekuwa hapati usingizi, hana kumbukumbu, hana nguvu wala subira, alisemekana kuwa ameharibiwa neva na jua na urefu wa milima, akarudishwa kwao kupumzika, na heshima yake haikupungua. Wadachi kwa upande wao walikuwa na neno lao kwa ajili ya ghadhabu za Mzungu aliyekaa sana penye joto, Tropenkoller. Mtu aliyempiga mtumishi wake alikuwa na udhuru wa kidaktari.

Mwafrika hakupewa jina lolote kati ya hayo. Nadharia ya wakati ule ilisema kuwa ugonjwa wa neva ni wa watu waliostaarabika, hivyo yeye hakuweza kuugua. Fikirieni machimbo ya dhahabu ya Lupa, yaliyoanza mwaka 1922, na mgodi wa Saza ulio katika Wilaya ya Songwe ya leo: vibarua na wasimamizi walikuwa penye jua lile lile na malaria ile ile. Msimamizi akichoka aliitwa mgonjwa. Kibarua akichoka aliitwa mvivu. Hata hadithi za manamba wa mashamba ya mkonge zimejaa neno hilo.

Ilhali sababu ya uchovu wa vibarua wengi ilikuwa imekwisha kujulikana. Watu wa pwani walikuwa na neno "safura" kwa mtu anayepauka, anayevimba uso, anayehema akipanda kilima kidogo. Mnyoo mdogo huingia kwa unyayo usio na kiatu, ukakaa matumboni na kunyonya damu. Huko Marekani ya kusini, ambako tume ya Rockefeller ilianza kupambana na mnyoo huo mwaka 1909, magazeti yaliuita mdudu wa uvivu. Yaani hata baada ya mnyoo kuonekana kwa darubini, uvivu haukuondoka katika jina. Neno letu, safura, halina tusi ndani yake. Tungependa wanaistilahi walikumbuke hilo.

Wakati huo huo waganga wenyewe walianza kubishana juu ya neurasthenia ya tropiki. Katika miaka ya 1930 Millais Culpin, aliyefundisha saikolojia ya tiba London, alishikilia kuwa jua halina hatia. Chanzo ni mambo ya nafsi: upweke, hofu, ugomvi wa kazini. Kwa kadiri fulani alikuwa na haki, kwa kuwa nadharia ya jua ilikuwa ya kubuni. Lakini tazameni matokeo. Maadamu ugonjwa ulikuwa wa neva na jua, mgonjwa alipewa likizo. Mara ulipoanza kuwa wa nafsi, mgonjwa aliulizwa kama tangu mwanzo alifaa kuajiriwa. Mwili ni ule ule na dalili ni zile zile. Kilichobadilika ni sura ya kitabu alimoandikwa.

Afrika ya Mashariki ina mifano mingine ya kutaja magonjwa, na hiyo inatupa moyo. Mwaka 1952 homa ilizuka katika uwanda wa juu wa Makonde, upande wa Newala, ikiacha viungo vimepindika kwa maumivu ambayo kwa baadhi ya watu yalikaa miezi. Wamakonde waliiita kwa kitenzi chao cha kupindika, na waganga waliochunguza virusi vyake walilichukua neno hilo jinsi lilivyo: chikungunya. Mwaka 1959 homa ya jamii hiyo ilianza kaskazini mwa Uganda, ikaenea hadi Kenya na Tanganyika, na inakadiriwa kuwa watu milioni mbili waliugua. Jina lake, o'nyong'nyong, ni la Kiacholi, nalo lasema juu ya kuvunjika kwa viungo. (Mtu asije akalifungamanisha na "unyong'onyevu" wetu, zimefanana sauti tu.) Majina haya mawili yamo katika orodha za magonjwa za dunia nzima, yanaandikwa na watu wa Geneva na Brazili wasiojua Newala iko wapi. Nguvu yake ni kwamba hayadai kujua chanzo. Yanasema mwili unafanya nini. Virusi vilipojulikana, hapakuwa na haja ya kubadili jina, kwa kuwa jina halikuwa limesema uongo.

Mfano wa tatu ni mgumu zaidi. Tarehe 30 Januari 1962, katika shule ya wasichana ya misheni huko Kashasha, karibu na Bukoba, wanafunzi watatu walianza kucheka bila kujizuia. Kabla shule haijafungwa mwezi Machi, wasichana 95 kati ya 159 walikuwa wamepatwa, wengine kwa saa chache, wengine kwa siku kadhaa, pamoja na kilio na mahangaiko. Hali hiyo ilienea hadi vijiji vya Nshamba. Waganga A. M. Rankin na P. J. Philip walipima damu na chakula, hawakukuta sumu wala kiini cha ugonjwa, na mwaka 1963 waliandika kuwa ni histeria ya umati. Watu wa huko walikuwa na majina mawili: moja la Kihaya lenye maana ya ugonjwa wa kucheka tu, na jingine lenye maana ya wazimu. Sisi hatuna sababu ya kuukataa uamuzi wa waganga hao. Walipima kwanza, wakasema baadaye. Twautaja ili msomaji auone utaratibu wao, kwa maana miaka 7 baadaye neno hilo hilo la histeria lilitumiwa London kwa utaratibu mwingine kabisa.

Mwezi Julai 1955 wauguzi na waganga wa hospitali ya Royal Free ya London walianza kuugua: homa, kuvimba tezi, maumivu ya misuli, kizunguzungu, udhaifu wa viungo. Watumishi 292 walipatwa, na hospitali ikafungwa hadi Oktoba. Wengi walipona, baadhi hawakupona kwa miaka. Mwaka 1956 jarida la The Lancet lilipendekeza jina refu la Kigiriki, nasi tunaliandika ensefalomailitisi ya misuli, na mwaka 1969 Shirika la Afya Duniani likauingiza ugonjwa huo katika orodha yake chini ya maradhi ya mfumo wa neva. Hapo waliugua wengi wa wanawake. Basi mwaka 1970 waganga wawili wa akili, McEvedy na Beard (huyu si yule wa 1869), walizipitia karatasi za hospitali, bila kuwapima wagonjwa wenyewe, wakaamua kuwa ilikuwa histeria, na moja ya hoja zao ilikuwa hiyo ya wingi wa wanawake. Histeria, kwa asili yake ya Kigiriki, ni neno la tumbo la uzazi. Neno lilikuwa limeamua kabla ya daktari.

Mwaka 1988 Wamarekani walibuni jina jipya, lile la uchovu wa muda mrefu. Nia yao ilikuwa njema: hawakutaka kudai uvimbe wa ubongo ambao hawakuuona. Lakini wagonjwa walilichukia mara moja, wakisema kwamba kumwita mtu huyu mchovu ni sawa na kumwita mwenye kifua kikuu mkohozi. Orodha ya dunia, toleo la 10, ikawa na milango miwili: uchovu uliofuata virusi uliandikwa G93.3 katika maradhi ya neva, na neurasthenia ya zamani F48.0 katika maradhi ya akili. Karani mmoja, kwa kuandika herufi moja, aliweza kumpeleka mgonjwa upande huu au ule.

Katika hali hiyo ndipo tiba ya kisaikolojia ilipopewa nafasi kubwa. Nadharia yake ilikuwa hivi: labda ugonjwa ulianzishwa na virusi, lakini sasa unadumishwa na hofu ya mgonjwa kujishughulisha, akipumzika mno, misuli hulegea, na hofu huzidi. Dawa yake basi ni tiba ya fikra na mwenendo, ili aiache hofu, pamoja na mazoezi yanayoongezwa hatua kwa hatua. Jaribio kubwa lililoitwa PACE, lenye wagonjwa 641, lilichapishwa na The Lancet mwaka 2011, likasema kuwa njia hizo mbili zinasaidia kuliko huduma ya kawaida ya daktari, na kuliko "kujipimia", yaani kupanga shughuli kulingana na nguvu alizonazo mtu. Mwaka 2013 waandishi walisema kuwa asilimia 22 ya waliopata tiba hizo walipona, kulinganisha na asilimia 7 ya waliopata huduma ya daktari peke yake.

Hapa mfasiri aweke kalamu chini kidogo, kwa sababu ubishi uliofuata ulikuwa ubishi wa istilahi. Katika kipimo kimojawapo, cha uwezo wa mwili, chenye alama 0 hadi 100, mtu aliandikishwa kama mgonjwa akiwa na alama 65 au pungufu. Lakini katika hesabu ya waliopona, alama 60 zilitosha. Kwa kipimo hicho kimoja, basi, mtu aliweza kuingia na 65, akatoka na 60, akawa amerudi nyuma na papo hapo amevuka mstari wa kupona. Vipimo vingine vilikuwapo, na waandishi wamejitetea hadi leo. Lakini mwaka 2016 baraza la rufaa la Uingereza liliamuru takwimu zitolewe kwa aliyeziomba, na hesabu mpya iliyochapishwa mwaka 2018, iliyofuata masharti ya awali ya jaribio lenyewe, iliwakuta waliopona kuwa wachache mno, chini ya asilimia 10 katika kila kundi, na tofauti baina ya makundi haikuwa ya kutegemewa.

Kiswahili kingeliwaokoa katika shida hiyo, kama wangalikijua. Sisi husema mgonjwa "amepata nafuu", au "amepata ahueni", na hatusemi "amepona" mpaka amerudi shambani. Mtu mzima yeyote wa Momba anajua kuwa maneno hayo hayabadilishani. Mfasiri anayeziweka taarifa za namna hii katika Kiswahili asiyachanganye kwa kupenda ufupi. Asome kwanza jinsi waandishi walivyopima, ndipo achague kitenzi.

Tarehe 29 Oktoba 2021 taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, NICE, ambayo mwaka 2007 ilikuwa imependekeza njia zote mbili, iligeuka. Mazoezi ya kuongezwa kwa ratiba iliyopangwa yalikatazwa kwa wagonjwa hawa. Tiba ya fikra na mwenendo iliachwa, kwa sharti kwamba mgonjwa aelezwe kuwa hiyo si dawa ya kumponya, bali ni msaada wa kumwezesha kuishi na maradhi yake. Vyama kadhaa vya waganga wa huko havikukubaliana na uamuzi huo. Nguvu ya upande wa pili ilitoka kwa dalili moja, ambayo taasisi ya tiba ya Marekani mwaka 2015 iliifanya kuwa kiini cha ugonjwa: kwamba mgonjwa akizidisha shughuli, hata ndogo, hali yake huharibika kesho yake au keshokutwa, na kubaki hivyo kwa siku au wiki. Mtu wa namna hiyo akiambiwa aongeze bidii kila wiki, anaumizwa.

Kwetu ushauri huo una jina la siku zote: "jikaze". Ni neno zuri kwa mwenye huzuni ya msiba, na kwa mwanafunzi aliyekata tamaa. Likivaa koti jeupe na kupewa ratiba, halibadiliki kuwa dawa.

Hata hivyo twapenda kuwatendea haki wale wanaoitetea saikolojia. Wao wanauliza: je, ghadhabu ya wagonjwa kuambiwa kuwa ugonjwa wao ni wa nafsi haitokani na dharau yao kwa wagonjwa wa akili? Swali hili lina uzito, na nchi yetu haina haki ya kujifanya haihusiki, maana jina la hospitali ya Mirembe ya Dodoma limekuwa mzaha midomoni mwa watu kwa miaka mingi. Mwenye sonona ni mgonjwa kamili. Hahitaji mnyoo wala virusi ili aaminiwe. Lakini swali hilo halijibu lile la kwanza. Kumpa mtu tiba isiyomfaa hakuwi haki kwa sababu eti kuikataa kwake kuna harufu ya majivuno.

Tena jibu la vitendo tunalo hapa hapa barabarani. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini waligunduliwa Kagera mwaka 1983, na ugonjwa ukafuata njia kuu hadi mipakani, Tunduma ikiwamo. Pamoja na vipimo likaja jambo ambalo zahanati nyingi hazikuwa nalo: kukaa faragha na mgonjwa, kumsikiliza, kumwandaa kupokea jibu na kuishi nalo. Jambo hilo likaitwa "ushauri nasaha". Tulipata kusikia wanaistilahi wakililaumu neno hilo, kwa kuwa ushauri ni nasaha na nasaha ni ushauri, na ni kweli. Siku hizi "unasihi" linapata nafasi. Lakini tuangalie lilichofanya. Hakuna aliyepewa ushauri nasaha akadhani kuwa virusi viko katika mawazo yake. Hakuna mnasihi aliyedai kuponya. Msaada wa nafsi ulitolewa kwa ugonjwa wa mwili, na mwili ukabaki mwili. Waingereza walifika hapo kwa mabishano ya miaka mingi. Muuguzi wa Tunduma alikuwa amekwisha kufika bila kuandika makala.

Kwa hiyo pendekezo letu la kwanza ni juu ya neno "tiba". Kiswahili kina ngazi tatu: kuuguza, kutibu, kuponya. Mwongozo wa kigeni unaposema juu ya msaada wa kisaikolojia kwa wagonjwa hawa, mfasiri aandike "unasihi" au "ushauri nasaha" pale ambapo lengo ni kumsaidia mtu abebe maradhi yake. "Tiba ya fikra na mwenendo" libaki jina la mbinu yenyewe inapotajwa kwa ufundi, na lisiambatanishwe na kitenzi "ponya".

La pili ni juu ya dalili ile ya kuharibikiwa baada ya shughuli. Hapa hatuhitaji kubuni. Lugha inasema "mgonjwa amezidiwa", na kila mtu akisikia husimama na kutafuta usafiri. "Kuzidiwa baada ya shughuli" litaeleweka Ileje na litaeleweka Unguja. Tena linamweka mgonjwa mahali pake: yeye ndiye aliyezidiwa; si yeye aliyelegea.

Juu ya jina la ugonjwa wenyewe tuna maoni ila hatuna hukumu. "Uchovu sugu" liondolewe katika rasimu. "Unyong'onyevu wa muda mrefu" lina afadhali, kwa sababu mwili hunyong'onyea bila kulaumiwa, ingawa neno hilo laelekea kidogo upande wa huzuni. Baadhi ya wenzetu wanataka kifupisho, kama ilivyofanywa kwa UKIMWI, ambao uliacha kabisa kutafsiri ule "mkusanyiko wa dalili" wa Kiingereza na hakuna aliyeukosa. Sisi hatuoni ubaya, ila kifupisho chatakiwa kifupishe kitu, na kitu hicho ndicho kinachotafutwa.

Baraza lilipotoa vijitabu vya Tafsiri Sanifu katika miaka ya 1970 na 1980, utaratibu uliosifiwa ulikuwa wa kutazama kwanza Kiswahili chenyewe, kisha lugha nyingine za Kibantu, ndipo lugha za mbali. Kwa istilahi hii utaratibu huo haujafuatwa bado. Kinyiha, Kinyamwanga na Kindali vina maneno yake kwa mtu ambaye homa imemwacha lakini nguvu hazikurudi, na waliokaa na wagonjwa wengi, yaani wauguzi wastaafu, wakunga, na madereva wa njia ndefu, wanaweza kuyataja. Walimu wa sekondari za Vwawa na Tunduma wanaweza kuanza kuyakusanya likizo ijayo. Kila neno liandikwe na sentensi nzima ambamo limesikika, na upande wa pili wa karatasi iandikwe kama msikilizaji alielewa kuwa anayetajwa ni mgonjwa, au ni mvivu.